Gaithersburg na kesi isiyo na hakimu: ugomvi wa Orioles na Nationals

Tarehe 3 Machi mwaka 2025, timu mbili za besiboli za Marekani, Washington Nationals na Baltimore Orioles, zilimaliza kesi iliyodumu zaidi ya miaka 10 kuhusu fedha za matangazo ya televisheni. Wanasheria wakafunga mafaili yao. Lakini katika mji wa Gaithersburg, Jimbo la Maryland, kesi nyingine ya timu hizo hizo, ile isiyo na hakimu, iliendelea kama kawaida.

Gaithersburg ni mji wa watu wapatao 69,000 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2020. Uko kilomita 35 hivi kaskazini-magharibi mwa Washington, na kutoka hapo hadi Baltimore ni mwendo wa saa moja au zaidi kidogo kwa gari. Mji huo unajulikana zaidi kwa taasisi ya serikali kuu inayosimamia vipimo na viwango kuliko kwa michezo. Hata hivyo, kuanzia mwezi Aprili hadi Septemba, kofia za abiria wanaopanda treni katika kituo jirani cha Shady Grove hugawanyika makundi mawili: nyekundu zenye herufi W za Nationals, na nyeusi zenye picha ya ndege wa rangi ya machungwa, nembo ya Orioles.

Kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki, mfano wa karibu ni watani wa jadi wa Kariakoo, Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935 na Simba iliyozaliwa mwaka mmoja baadaye. Mfano huo, hata hivyo, una kasoro. Simba na Yanga zimekua pamoja katika mtaa mmoja. Ugomvi wa Gaithersburg ni wa mtu aliyeondoka nyumbani kwa miaka 33, akarudi na kumkuta jirani anapokea kodi ya nyumba yake.

Tofauti ya pili ni kwamba mashabiki hawa hawabishani sana kuhusu uwanjani. Msimu wa besiboli una mechi 162 kwa kila timu, na kipigo cha jana husahauliwa leo jioni. Kinachobishaniwa ni ofisi. Katika mchezo huu kocha huitwa meneja. Juu yake yuko meneja mkuu, anayesajili na kuuza wachezaji. Na juu ya wote yuko mmiliki, ambaye ndiye mwenye fedha na ndiye mwenye neno la mwisho. Shabiki wa Gaithersburg anayetaka kumuumiza mwenzake hamtajii matokeo. Humtajia jina la mmiliki wake.

Tabia hiyo ina chimbuko. Washington ilikuwa miongoni mwa timu 8 zilizoanza Ligi ya Amerika mwaka 1901, na timu hiyo, iliyojulikana zaidi kwa jina la Senators, ilitwaa ubingwa wa World Series mwaka 1924. Shujaa wake alikuwa mrushaji Walter Johnson, aliyemaliza maisha yake ya mchezo akiwa na ushindi wa mechi 417, idadi iliyozidiwa na mtu mmoja tu katika historia ya ligi hizo. Johnson hakuwa mgeni katika vitongoji hivi. Baada ya kustaafu alikuwa na shamba Germantown, jirani kabisa na Gaithersburg, na mwaka 1938 wananchi walimchagua kuwa mmoja wa makamishna wa Wilaya ya Montgomery. Alifariki dunia mwaka 1946 na kaburi lake liko Rockville, mji unaofuata kwenye barabara hiyo hiyo ya kwenda Washington. Wazee wa eneo hilo waliweza kusema, bila kutia chumvi, kwamba mchezaji mkubwa kuliko wote wa Senators alikuwa diwani wao.

Lakini timu ilikuwa mali ya ukoo wa Griffith. Clark Griffith aliikodishia uwanja wake timu ya Weusi ya Homestead Grays, iliyokuwa na nyota kama Josh Gibson na Buck Leonard, akapokea kodi, na hakumsajili hata mmoja wao. Senators ilishindwa mwaka hata mwaka huku baadhi ya wapigaji bora kabisa wa nchi wakicheza katika uwanja huo huo siku ambazo wenyewe walikuwa safarini. Mchezaji wake wa kwanza Mweusi, Carlos Paula kutoka Cuba, alishuka uwanjani mwaka 1954, miaka 7 baada ya Jackie Robinson kuvunja mwiko huo New York. Hapa hapakuwa na ukosefu wa fedha wala bahati mbaya. Ofisi ilikuwa na kipaji mlangoni ikakifungia nje.

Mrithi wake, Calvin Griffith, aliihamishia timu Minnesota kuanzia msimu wa 1961. Sababu iliyotolewa wakati huo ilikuwa mahudhurio madogo. Mwaka 1978, akizungumza mbele ya mkutano wa klabu katika mji wa Waseca, Minnesota, Griffith aliwaambia wasikilizaji wake kwamba aliamua kwenda huko alipofahamu kuwa jimbo hilo lilikuwa na watu Weusi 15,000 tu. Maneno hayo yaliandikwa gazetini, yakazua hasira kubwa, na nyota wa timu hiyo, Rod Carew, mzaliwa wa Panama, hakuwa tayari tena kumchezea. Aliuzwa California kabla ya msimu wa 1979.

Washington ilipewa timu nyingine mwaka huo huo wa 1961, yenye jina lile lile la Senators. Mwishoni mwa mwaka 1968 ilinunuliwa na Robert Short, mfanyabiashara kutoka Minnesota, ambaye aliamua kuwa yeye mwenyewe ndiye atakayesajili. Mwezi Oktoba 1970 alimchukua mrushaji Denny McLain kutoka Detroit. McLain alikuwa ameshinda mechi 31 mwaka 1968, jambo ambalo halijafanywa na mrushaji mwingine tangu wakati huo. Lakini mwaka 1970 alikuwa ametumikia adhabu ya kufungiwa na mkono wake ulikuwa umechoka. Kwa ajili yake Short alitoa mrushaji kijana Joe Coleman pamoja na walinzi wawili wa ndani, Eddie Brinkman na Aurelio Rodríguez, yaani karibu ukuta wote wa upande wa kushoto. Mwaka 1971 McLain alipoteza mechi 22. Coleman alishinda 20 akiwa Detroit.

Tarehe 30 Septemba mwaka huo Senators ilicheza mechi yake ya mwisho katika uwanja wa RFK, dhidi ya New York Yankees, huku kila mtu akifahamu kwamba Short ameruhusiwa kuihamishia timu Texas. Washington ilikuwa ikiongoza kwa 7 kwa 5, na ilibaki kumtoa mchezaji mmoja tu ili mechi imalizike. Mashabiki wakavamia uwanja. Waling'oa nyasi, wakabeba vibao vya uwanjani, na waamuzi wakaipa Yankees ushindi wa mezani wa 9 kwa 0. Timu iliyoshinda uwanjani ikapoteza mechi yake ya mwisho kwa sababu watu wake wenyewe hawakuweza kuvumilia hadi mwisho. Waliokuwepo wakiwa watoto walikuja kuwa watu wazima wa Gaithersburg, Rockville na Silver Spring, na ni shida kuwaeleza kwamba ofisi ni jambo la karatasi tu.

Kwa miaka 33 iliyofuata, aliyependa besiboli katika vitongoji hivyo alikwenda Baltimore. Orioles, iliyohamia huko kutoka St. Louis mwaka 1954, ilikuwa wakati huo mfano wa uongozi bora: ilikuza vijana wake yenyewe na ilitwaa ubingwa mwaka 1966, 1970 na 1983. Mwaka 1979 ilinunuliwa na wakili maarufu wa Washington, Edward Bennett Williams. Uwanja wa Camden Yards, uliofunguliwa mwezi Aprili 1992 karibu na reli na ghala la matofali mekundu, ulijaa watu kutoka wilaya za pembezoni mwa mji mkuu. Tarehe 6 Septemba 1995, Cal Ripken Mdogo alipocheza mechi yake ya 2,131 mfululizo na kuvunja rekodi ya Lou Gehrig, furaha ya Gaithersburg haikuwa pungufu ya ile ya Baltimore.

Mmiliki wakati huo alikuwa Peter Angelos, mtoto wa wahamiaji wa Kigiriki, wakili aliyetajirika kwa kuwatetea wafanyakazi walioathiriwa na vumbi la asbesto. Kundi lake liliinunua timu mwezi Agosti 1993 katika mnada wa mufilisi, kwa dola milioni 173. Haki itendeke kwa mtu huyu, kwa sababu wabishi wa pande zote mbili huwa hawaitendi. Wachezaji walipogoma na wamiliki kuamua kutumia vibarua wa kuziba nafasi katika majira ya kuchipua ya mwaka 1995, Angelos peke yake alikataa katakata. Mwaka 1999 aliipeleka timu yake Havana kucheza na timu ya taifa ya Cuba, jambo ambalo hakuna timu ya ligi hizo iliyokuwa imelifanya kwa miaka 40.

Tatizo lake lilianza siku aliyokuwa sahihi. Mwezi Julai 1996 meneja mkuu Pat Gillick, mtu aliyekwishatwaa mataji mawili Toronto, aliona kwamba msimu umeharibika na akataka kuwauza Bobby Bonilla na David Wells ili apate vijana. Angelos akakataa. Timu ikafufuka, ikaingia hatua ya mtoano, ikafika nusu fainali. Huko ilikutana na Yankees, na na yule mvulana wa miaka 12 aliyenyoosha glavu yake juu ya ukuta na kuudaka mpira uliokuwa bado uwanjani. Mmiliki aliyeshinda hoja moja dhidi ya mtaalamu alijifunza kwamba wataalamu hawahitajiki.

Mwaka uliofuata Orioles iliongoza kundi lake tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho na kushinda mechi 98. Meneja Davey Johnson alikuwa na mgogoro na Angelos kuhusu faini ya dola 10,500 aliyomtoza mchezaji Roberto Alomar, akiagiza ilipwe kwa shirika la hisani ambalo mke wake Johnson alikuwa akilichangishia fedha. Tarehe 5 Novemba 1997 Johnson alijiuzulu. Siku hiyo hiyo alitangazwa meneja bora wa mwaka wa Ligi ya Amerika. Gillick naye akaondoka mwaka mmoja baadaye.

Ikafuata misimu 14 mfululizo ya kushindwa kuliko kushinda, tangu 1998 hadi 2011. Mpigaji Albert Belle alipewa mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 65, akacheza miwili tu kabla nyonga yake haijamlazimisha kuacha. Mameneja wakuu waliingia na kutoka. Kuanzia msimu wa 2003 kazi hiyo ilifanywa na watu wawili kwa pamoja. Mwaka 2005 walikuwepo Sammy Sosa, aliyekuwa ameishiwa, na Rafael Palmeiro. Mwezi Machi Palmeiro aliinyooshea kidole Kamati ya Bunge la Marekani akikanusha kwamba amewahi kutumia dawa za kuongeza nguvu, mwezi Julai akafikisha mapigo 3,000, na mwezi Agosti akafungiwa baada ya kipimo kumuumbua.

Ni katika mwaka huo huo wa 2005 ambapo Washington ilirudi. Ligi, iliyokuwa ikiimiliki timu ya Montreal tangu 2002, ilitangaza tarehe 29 Septemba 2004 kwamba itaihamishia mji mkuu. Angelos alipinga kwa nguvu zote na alinukuliwa akidai kwamba mjini Washington hakuna mashabiki wa kweli wa besiboli. Kauli hiyo ilisikika vibaya sana katika Wilaya ya Montgomery, ambako watu walikuwa wamemnunulia tiketi kwa zaidi ya miaka 10. Ili anyamaze, ligi ilikubaliana naye mwezi Machi 2005 kuunda kituo cha televisheni, MASN, ambacho kingeonyesha timu zote mbili. Orioles ilipewa asilimia 90 ya umiliki. Nationals ilipewa 10, nayo ingepanda polepole hadi kikomo cha asilimia 33.

Athari ya kwanza ya mkataba huo ilionekana sebuleni. Comcast, kampuni kubwa ya televisheni ya waya katika eneo hilo, ilikuwa na mgogoro na kituo hicho kipya, kwa hiyo wateja wake hawakukipata hadi makubaliano ya mwezi Agosti 2006. Kwa karibu misimu miwili, mtu wa Gaithersburg aliyelipa bili yake kila mwezi hakuweza kuitazama timu aliyoingoja tangu 1971. Watoto wa shule walizaliwa, wakakua na kuoa katika kipindi hicho cha kungoja, halafu mechi zikafungwa nyuma ya mkataba. Hakuna usajili mbovu wala kipigo kilichojenga chuki zaidi ya hicho.

Uwanjani, mambo yalianza kwa upole. Tarehe 14 Aprili 2005 Rais George W. Bush alirusha mpira wa kwanza katika uwanja ule ule wa RFK, na Washington ikaifunga Arizona 5 kwa 3. Meneja wake alikuwa Frank Robinson, shujaa wa ubingwa wa Orioles wa mwaka 1966. Familia nyingi ziligawanyika bila kelele: baba alibaki na rangi ya machungwa, mtoto akavaa nyekundu. Kelele zilikuja wakati wa wimbo wa taifa. Mashabiki wa Baltimore wana desturi ya kupaza sauti kwa pamoja linapofika neno lenye herufi O, herufi ya timu yao, na walipokuja Washington waliendelea nayo. Wenyeji waliona ni utovu wa adabu. Wageni walijibu kwamba maneno ya wimbo wenyewe yaliandikwa kuhusu mapigano ya Baltimore ya mwaka 1814, na mtunzi wake, Francis Scott Key, amezikwa Frederick, si mbali na Gaithersburg kwa barabara ya I-270. Hoja hiyo ni nzuri kihistoria, ingawa haijawahi kumtuliza mtu yeyote.

Mashabiki wa Nationals walipata chakula kingi cha maneno. Tarehe 21 Septemba 2006, mashabiki zaidi ya 1,000 wa Orioles waliingia Camden Yards kwa maandamano yaliyoandaliwa na mtangazaji wa redio wa Baltimore, Nestor Aparicio, na saa kumi na moja na dakika 8 alasiri wakainuka na kutoka nje. Dakika hiyo ilichaguliwa kwa makusudi: kwa saa za Kimarekani huandikwa 5:08, na 5 ilikuwa namba ya jezi ya Brooks Robinson, 8 ya Ripken. Tarehe 22 Agosti 2007 uongozi ulitangaza kwamba meneja Dave Trembley ataendelea msimu ujao. Jioni hiyo timu yake ikafungwa mikimbio 30 kwa 3. Waliowafunga walikuwa Texas Rangers, ambao ndio Senators wa zamani wa Robert Short. Mzee aliyekuwepo RFK mwaka 1971 hakujua acheke upande upi.

Nyani haoni kundule. Nationals ilikuwa imenunuliwa mwaka 2006 na familia ya Lerner kwa dola milioni 450. Ted Lerner alikuwa mwenyeji hasa: alipokuwa kijana aliwaonyesha watu viti katika uwanja wa Griffith, na kampuni yake ya majengo ina makao yake Rockville. Lakini timu yake ilipoteza mechi 102 mwaka 2008 na 103 mwaka 2009. Mwaka 2006 ilikuwa imelipa dola milioni 1.4 kumsajili kijana wa Jamhuri ya Dominika aliyesema ana umri wa miaka 16. Februari 2009 ikabainika kwamba jina halikuwa lake na alikuwa amezidi umri huo kwa miaka minne, kisa ambacho wapenzi wa soka la vijana wa Afrika Mashariki hawahitaji kufafanuliwa. Meneja mkuu Jim Bowden, aliyekana kufanya kosa lolote, alijiuzulu tarehe 1 Machi. Mwezi Aprili wachezaji wawili wakatoka uwanjani na jezi ambazo jina la timu lilikosewa herufi moja. Safari hii waliocheka ni watu wa kofia nyeusi.

Mwezi Novemba 2011 barabara mpya ya kulipia iliyoanzia karibu na Gaithersburg ilifika hadi barabara kuu ya kwenda Baltimore, na safari ya Camden Yards ikafupika. Ilifunguliwa kwa wakati mzuri. Mwaka 2012 timu zote mbili ziliingia hatua ya mtoano. Meneja wa Nationals aliyechaguliwa bora wa mwaka katika Ligi ya Taifa alikuwa Davey Johnson, yule yule aliyeondoka Baltimore miaka 15 kabla. Na mashabiki wa Washington hawakukosa kukumbusha hilo. Wenzao walikuwa na jibu. Mwezi Septemba mwaka huo uongozi wa Nationals ulimsimamisha mrushaji wake bora, Stephen Strasburg, ili kulinda mkono wake uliofanyiwa upasuaji, na kwenye mechi ya kufa na kupona dhidi ya St. Louis timu ikatupa uongozi wa 6 kwa 0 na kutolewa. Je, ofisi iliokoa mkono au iliuza ubingwa? Swali hilo lilijadiliwa kwa miaka 7 bila mshindi. Mwaka 2014 kila timu ilishinda mechi 96 na kuongoza kundi lake. Wengi walisubiri fainali ya barabara moja. Baltimore ilitolewa na Kansas City, Washington na San Francisco, na ni hao wawili waliokutana fainali.

Kisha mizani ikaanza kupanda na kushuka kama ndoo mbili za kisima. Mwezi Januari 2016 Angelos mwenyewe alisukuma mkataba wa dola milioni 161 kwa mpigaji Chris Davis, sehemu yake ikilipwa kidogo kidogo hadi mwaka 2037. Kuanzia Septemba 2018 hadi Aprili 2019 Davis alisimama kupiga mara 54 zinazohesabika bila kupata pigo hata moja, na Orioles ya 2018 ilipoteza mechi 115. Mwaka 2019, Nationals iliyoanza kwa kushinda 19 na kupoteza 31 ilimaliza ikiwa bingwa wa dunia, ikiifunga Houston katika mechi 7, na Strasburg akachaguliwa mchezaji bora wa fainali. Wiki chache baadaye alipewa dola milioni 245 kwa miaka 7. Alirusha katika mechi 8 tu baada ya hapo, akastaafu mwaka 2024. Kwa hiyo kila upande una mkataba wake wa aibu, na mabishano yamehamia kwenye suala la upi ni aibu zaidi. Kwa haki, huo wa Washington ulilipia ubingwa uliokwishapatikana. Wa Baltimore haukulipia kitu.

Agosti 2022 Nationals ilimuuza Juan Soto kwa San Diego baada ya kijana huyo kukataa dola milioni 440 kwa miaka 15, wakati familia ya Lerner ikitafuta mnunuzi wa timu nzima. Huko Baltimore, watoto wawili wa Angelos aliyekuwa mgonjwa walifikishana mahakamani mwezi Juni mwaka huo kuhusu nani ana mamlaka, na wakapatana mwanzoni mwa 2023. Meneja mkuu Mike Elias, aliyeajiriwa mwezi Novemba 2018, alikuwa ameachiwa afanye kazi yake bila kuingiliwa; mwaka 2023 Orioles ikashinda mechi 101. Angelos alifariki dunia tarehe 23 Machi 2024 akiwa na umri wa miaka 94. Siku nne baadaye wamiliki wenzake waliidhinisha timu kuuzwa kwa kundi la David Rubenstein, mzaliwa wa Baltimore, kwa thamani ya dola bilioni 1.725.

Kesi ya televisheni ilikuwa ikisaga polepole wakati wote huo. Uamuzi wa mwaka 2014, ulioipa Nationals takriban dola milioni 298 kwa miaka mitano, ulibatilishwa na jaji wa New York mwaka 2015 kwa sababu mawakili wa timu hiyo walikuwa pia wakiitumikia ligi iliyotoa uamuzi. Jopo la pili lilifikia kiasi karibu sawa mwaka 2019. Makubaliano ya Machi 2025 yaliiruhusu Nationals kujitoa baada ya msimu huo, na hapo ndipo umiliki wa Baltimore juu ya sebule za Gaithersburg ulipokoma, miaka 20 tangu ulipoanza.

Ungetarajiwa kuwa msimu wa shangwe. Tarehe 17 Mei Orioles ilimfukuza meneja wake, Brandon Hyde. Tarehe 6 Julai Nationals ilimfukuza Mike Rizzo, aliyejenga kikosi cha ubingwa, pamoja na meneja Dave Martinez, wiki moja tu kabla ya kuchagua kijana wa kwanza katika uteuzi wa mwaka huo. Baltimore ilimaliza na ushindi 75, Washington 66. Katika majira ya vuli zote mbili ziliajiri upya: Orioles ilimchukua Craig Albernaz, na Nationals ikampa kazi Blake Butera, mwenye umri wa miaka 33. Hakukuwa na meneja kijana kama huyo katika ligi hizo tangu mwaka 1972, Frank Quilici alipokabidhiwa timu ya Minnesota, mali ya Calvin Griffith.